Pazia la Korongo

Tunduma ni mji wa watu wenye haraka. Dereva wa lori ana haraka ya kuvuka, mama wa vitenge ana haraka ya kurudi Nakonde jua likiwa bado juu, na kijana wa bodaboda ana haraka ambayo hata ukimuuliza ya nini, hana jibu. Katika mji wote huo palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mtu alilazimishwa kutulia, napo ni kwenye kigoda cha Nesta Namonje, mpiga picha.

"Nyoosha shingo. Masikio yaonekane. Usicheke, hii ni ya paspoti."

Hapo hata mbabe alitii. Siku moja Nesta alimrudisha nyumbani mchungaji mzima kwa sababu ya kola iliyojikunja, na mchungaji akaenda, akapiga pasi, akarudi. Si kwamba alikuwa mkali kwa tabia. Ila kwenye picha hakuwa na masihara. Kwake picha nzuri ni ile inayoonyesha kila kitu: uso, masikio, na mahali mtu alipo. Zile za vijana wa siku hizi, ambazo mtu anang'aa mbele na nyuma yake kuna ukungu mtupu, aliziita picha za uvivu. Kabla hajabonyeza kitufe alikuwa na kawaida ya kujiuliza kwa sauti ndogo, "Kila kitu kinaonekana?" Jibu likiwa ndiyo, anabonyeza. Na kila picha iliyotoka mikononi mwake ilibeba maandishi chini: Kumbukumbu ya Tunduma, na mwaka. Akipiga harusi Chitete, ataandika Chitete. Akipiga kipaimara Mbozi Mission, ataandika Mbozi Mission. Alisema picha isiyo na mahali ni yatima.

Kawaida hizo alizirithi kwa marehemu mumewe, Fanuel, pamoja na kamera. Fanuel alikufa kwa ajali ya barabarani akitokea Mbeya, akaacha mke, binti mmoja aitwaye Erica, na lenzi ndefu aliyokuwa ameinunua kwa mbwembwe akidai atapiga mechi za mpira. Mpira hakuwahi kuupiga. Msiba ulipoisha na wageni kutawanyika, kaka yake Fanuel, Osea, ndiye aliyebaki akizibua bomba lililoziba, akikagua madaftari ya Erica, akiuliza kama chumvi ipo. Osea alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya upole ambaye mpakani pote walimjua. Aliwahamishia mjane na mtoto kwenye nyumba yake, akampa Nesta chumba cha mbele cha jengo lake la biashara afungue studio. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na mlango wa kuingilia wateja, na ukutani nyuma palikuwa na mlango mwingine, wa ghala la Osea, uliofungwa kwa kufuli. Nesta alishukuru Mungu na shemeji yake, na wakati mwingine hakuweza kuwatofautisha.

Sasa hilo pazia lilitokeaje?

Mwaka mmoja Nesta aliitwa kupiga harusi bondeni Momba, mbele ya Chitete, kwenye mbuga inayoitwa Nsanzya. Huko wamehamia wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao, watu wakarimu wenye salamu ndefu. Mzee Ngusa alikuwa akimwozesha mwanawe Ngassa, aliyempata binti mmoja mcheshi aitwaye Shani. Barabara ilimtikisa Nesta mpaka meno, harusi ikakesha, naye akalala hapo hapo. Alfajiri alitoka nje na ndoo anawe uso. Akajipaka sabuni, akainua macho, akawaona.

Walikuwa wawili, katikati ya ng'ombe. Warefu, shingo za kijivu, mashavu meupe, na kichwani kila mmoja amevaa taji la manyoya ya dhahabu lililowaka kwa jua la kwanza. Korongo taji. Mmoja aliinama, mwenzake akaruka juu na mbawa wazi, akatua, akainama naye. Ng'ombe waliendelea kula majani kama watu waliokwisha kuzoea majirani wenye vituko. Nesta alikimbia kuchukua kamera na ile lenzi ya mpira, akapiga picha huku povu likikauka sikioni. Na kwa kuwa alikuwa Nesta, alihakikisha kila kitu kinaonekana: ndege, ng'ombe, bwawa na matete yake, mti mmoja wa mvumo uliosimama peke yake, na nyuma yake kilima chenye kilele kilichomeguka.

Alirudi Tunduma akiwa mtu mwingine. Miaka mingi alikuwa amewapiga picha watu wanaotaka kwenda mahali. Hawa walikuwa wamefika.

Osea aliiona ile picha kwenye simu ya Nesta, akaitazama kwa muda mrefu. "Shemeji, hii si ya kukaa kwenye simu," akasema. Wiki iliyofuata akaenda nayo Mbeya, akaichapisha kwenye plastiki nene kama yale mabango ya matangazo, upana wa ukuta mzima. Aliitundika mwenyewe, akipanda juu ya kigoda na misumari mdomoni, akaishusha mpaka ikafunika ule mlango wa ghala. "Mlango mbovu ule, unaharibu sura ya studio," alisema. Nesta alilia. Tangu Fanuel afe hakuna mtu aliyekuwa amemfanyia jambo kubwa namna ile. Chini ya pazia, kwa herufi nyekundu kubwa, palikuwa pameandikwa kama alivyoagiza mwenyewe: KORONGO WA NSANZYA, MOMBA.

Kuanzia hapo kila mtu alitaka kupigwa picha mbele ya korongo. Wazambia walikuja, Wanyiha wa Mbozi walikuja, maharusi walikuja. Lakini waliokuja kwa wingi wa kushangaza ni watu wa Nsanzya wenyewe. Walipanda kutoka bondeni na vumbi lao, wakasimama mbele ya pazia, wakaoneshana: ule mvumo wetu, lile bwawa letu, yule ng'ombe mwekundu wa Mzee Ngusa, na hawa ndege, jamani, kumbe ni wazuri hivi? Walikuwa wamewaona maisha yao yote. Walihitaji kuwaona ukutani mjini ndipo wawaone. Haukupita muda ikawa desturi kwamba mtoto wa Nsanzya hajazaliwa sawasawa mpaka aletwe Tunduma apigwe picha na korongo, na nyumba nyingi kule bondeni zikawa na picha moja ile ile ukutani, zikitofautiana mtoto tu.

Mambo yakaanza kubadilika. Ngassa ndiye aliyempigia simu Nesta kumweleza. Kwenye mkutano wa kitongoji walikuwa wamekubaliana kwamba korongo wakiwa kwenye mayai, hakuna kuingiza ng'ombe kwenye matete, wala mtu kuokota yai. Wazee wawili watatu walibisha. Ndipo Shani, mkwe mpya ambaye hata kukohoa mbele ya wakwe alitakiwa kuona haya, akasimama na kuuliza, "Jamani, utamrushiaje fimbo ndege uliyepiga naye picha?" Mkutano ukacheka, na ubishi ukaishia hapo.

Nesta aliposikia hayo alikata simu akabaki amekaa kwenye kigoda cha wateja, akitabasamu peke yake. Ningekuwa na uwezo, ningeifunga hadithi hii hapo, lakini haikufungika.

Mvua za mwaka uliofuata Ngassa alipiga tena, na safari hii hakuanza na salamu ndefu. "Dada Nesta, ndege wanaibwa." Watu walikuwa wamekuja na nyavu. Si wenyeji. Walifika wakiulizia Nsanzya kwa jina, wakaulizia kilima kilichomeguka, wakaulizia mvumo. "Wanasema jina waliliona huko huko Tunduma," Ngassa alisema, bila lawama yoyote, kama anayeuliza njia. Nesta aligeuka akatazama zile herufi nyekundu.

Siku chache baadaye alikuwa akimpiga picha mama mmoja kutoka Nakonde. Yule mama alikuwa ametulia vizuri, masikio nje, ghafla akaangua kicheko.

"Mayo, picha yako inalia!"

Nesta naye alikuwa amesikia. Sauti nzito, ya puani, iliyokatika katikati. Alimalizana na mteja, akafunga mlango wa mbele, akainua pembe ya pazia. Mlango wa ghala ulikuwa umepasuka ubao mmoja. Akaweka jicho kwenye ufa.

Ndani palikuwa na magunia ya mchele, na juu ya magunia kreti la mbao. Ndani ya kreti palikuwa na taji la dhahabu lililopinda kwa kugandamizwa na mbao, na jicho la bluu hafifu lililomtazama Nesta bila kupepesa. Miguu ilikuwa imefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi. Nyuma ya huyo alikuwapo mwingine, amekaa kwa namna ambayo ndege wale hawakai.

"Shemeji." Osea alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa na ufunguo wa mlango wa mbele, bila shaka. Jengo ni lake. "Huo mlango una nini?"

"Umewatoa wapi hawa?"

"Wewe ndiye uliyesema wanatoka wapi," Osea akajibu kwa ile sauti yake ya kuombea wagonjwa. "Umeandika kwa herufi kubwa. Kuna watu walipita hapa, wakaliona pazia, wakaniuliza kama ndege hawa wapo kweli. Nikawaambia, someni hapo chini."

"Nitakwenda maliasili. Leo hii."

"Nenda." Alivuta kigoda akaketi, akakunja mikono. "Kibao cha nje kina jina la nani? Nesta Picha. Pazia ni la nani? Maandishi ya nani? Watawakuta ndege nyuma ya picha yako, ndani ya studio yako. Mimi nauza mchele." Kisha akaendelea kwa upole zaidi. "Na Erica yuko kidato cha pili, anafanya vizuri. Ni damu ya mdogo wangu yule. Wewe ukitaka kuondoka sikuzuii, mlango huo hapo. Yeye haendi popote. Ukoo hautakubali."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Alitoka akafunga mlango taratibu. Nesta alibaki katikati ya chumba kisicho na dirisha, mbele yake pazia, nyuma ya pazia ndege, na kwa mara ya kwanza akaelewa ni kwa nini shemeji yake aliitaka picha ile iwe pana namna ile. Alikuwa akiziba mlango.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na asubuhi ilipofika alikwenda kazini kama kawaida. Angefanya nini? Aliwaambia wateja wanyooshe shingo. Ndege walipolia, alisema ni simu. Watu walimwamini, maana nani atafikiria vingine? Baadaye alinunua redio, akaiweka juu kabisa, nyimbo za injili na matangazo ya mbolea kutwa nzima, mpaka akaanza kuumwa kichwa. Kreti lile liliondoka, likaja jingine. Alijua kwa mikwaruzo.

Alitapatapa kama mtu aliyeangukia majini. Alitundika kitambaa cheupe juu ya pazia akisema limechanika. Jioni Osea alikishusha, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza. "Pazia libaki, shemeji." Alichukua wembe akaliparua lile neno Nsanzya mpaka vidole vikauma. Rangi nyekundu ilitoka, lakini mashine ya Mbeya ilikuwa imekandamiza sana, na herufi zilisomeka bado, sasa zikiwa nyeupe. Alimpigia simu mama yake, Germana, kule Mbozi Mission, akamweleza kwa kuzungukazunguka. Mama yake alielewa upesi kuliko alivyotarajia. "Vumilia, mwanangu," akasema. "Ndege ni ndege. Mtoto ni mtu." Nesta akakata simu. Usiku alimtazama Erica amelala na vitabu kifuani, akamwonea huruma, na akajichukia kwa kuwa ndani ya huruma ile palikuwa na hasira kidogo.

Nyumbani mambo yalikuwa mazuri kuliko wakati wowote, na hilo ndilo lililomnyonga zaidi. Osea aliomba kabla ya chakula. Alimletea Erica kamusi mpya. Mezani alimpa Nesta paja la kuku, akisema mama anayefanya kazi lazima ale. Nesta alikula. Kila alipomeza aliona kama anatia saini.

Basi siku moja ya soko, mchana, Ngassa na Shani wakaingia studio bila taarifa. Walikuwa wamevaa nguo zao za harusi, zilizokuwa zimeanza kuwabana, na Shani alikuwa amembeba mtoto mchanga wa kike kwenye kanga mpya.

"Mwadila, dada Nesta!" Ngassa alisalimia akicheka. "Tumekuletea mkwe wa korongo."

"Mwadila," Nesta akaitikia.

Osea alikuwa ameketi karibu na mlango wa mbele. Siku hizo kila walipokuja wateja wa Momba alikuwa akitokea na gazeti. Aliwaamkia wageni vizuri, akauliza habari za mvua, akamsifu mtoto. Kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Shani aliketi kwenye kigoda, akamfunua mtoto uso. "Baba mkwe hataki kusikia safari zetu," alisema, "lakini kwa hii ametoa ruhusa mwenyewe. Siku hizi kila alfajiri anasimama pale bwawani, anatazama matete. Wale wawili wa siku ya harusi yetu hawapo. Ndiyo tukasema, angalau mtoto awaone kwenye picha. Asije akakua akidhani tulikuwa tunamdanganya."

Aliyasema hayo bila uchungu mkubwa, kama mtu anayeeleza kisima kimekauka. Nesta alijifanya anarekebisha mkanda wa kamera. Redio ilikuwa ikiimba. Alipiga hatua nyuma, akawapanga, akasema nyoosheni shingo. Ndipo redio ikamaliza wimbo, na katika ule ukimya mfupi kabla mtangazaji hajafungua mdomo, korongo akalia.

Ngassa aliangalia mfukoni mwake, kisha akamwangalia Nesta.

"Simu," Nesta akasema. Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea.

Shani aligeuza kichwa kuelekea kwenye pazia. Hakuwa akicheka tena. "Simu haikauki koo," akasema polepole.

Gazeti likakunjwa. "Shemeji, piga picha," Osea akasema kwa upole. "Wageni wana safari ndefu."

Nesta aliweka jicho kwenye kamera. Humo ndani aliwaona: Ngassa aliyesimama wima, Shani aliyekuwa bado amegeuza shingo, mtoto amelala na ngumi mdomoni, na nyuma yao korongo wawili wa plastiki wakicheza dansi yao ile ile katika alfajiri ile ile. Picha ilikuwa nzuri. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Na kwa kawaida yake ya miaka yote, midomo yake ikauliza kabla hajaizuia: kila kitu kinaonekana?

Alimfikiria Erica. Napenda ieleweke kwamba alimfikiria Erica kwanza, na kwamba hakupata jibu lolote jipya juu yake, na hofu haikumwondoka. Akaiacha kamera ining'inie shingoni, akapita pembeni ya Shani, akashika pazia kwa mikono miwili na kuvuta.

Misumari iling'oka mmoja baada ya mwingine. Plastiki ilianguka kwa kishindo, ikawafunika Ngassa na Shani mpaka mabegani, nao wakaibuka humo wakiutazama mlango. Ngassa akausogelea. Alikuwa mtu wa kufungua na kufunga mazizi tangu utoto, na mlango ule ulikuwa mbovu kweli, katika hilo Osea hakuwa ameongopa. Bega moja lilitosha.

"Mama Erica," Osea alisema. Miaka yote alikuwa akimwita shemeji. "Umejifungia nje."

Kreti lilikuwa pale pale juu ya magunia, na ndani yake wawili. Mmoja alikuwa amekatwa manyoya ya bawa. Shani alilitazama kreti, akamtazama Nesta, na Nesta akaona katika macho yale kila kitu kikipangwa mahali pake: simu, redio, pazia, yeye mwenyewe. Alingoja kutukanwa. Shani hakumtukana. Alirudi kwenye kigoda, akaketi, akamweka mtoto vizuri mapajani.

"Sasa piga," akasema.

Nesta akapiga. Picha ilitoka kali kama zote: mama, baba, mtoto, mlango uliovunjika, magunia ya mchele, taji lililopinda, na pembeni kabisa, kwa kuwa alihakikisha kila kitu kinaonekana, bega la Osea na gazeti lake. Mlangoni watu walikuwa wameanza kujaa, mama wa vitenge, vijana wa bodaboda na dereva mmoja aliyekuwa na hati zake mkononi. Walisimama kimya, na hakuna aliyewaambia watulie.

Picha ile chini yake iliandikwa Kumbukumbu ya Tunduma. Ilitembea kwenye simu kuliko picha yoyote nzuri aliyowahi kuipiga. Ilifika Nsanzya kabla ya Ngassa na Shani wenyewe, ikafika vitongoji ambavyo havikuwahi kusikia habari za pazia, na huko nako watu wakaitisha mikutano. Wafugaji na wakulima wanaogombana kila msimu juu ya mipaka wakajikuta wakipeana zamu za kulinda matete. Siku hizi mgeni akifika bondeni na kuulizia korongo, kwanza anakaribishwa uji, halafu anaulizwa maswali mpaka uji unapoa.

Osea alichukuliwa na polisi, na kesi iko mahakamani bado. Nesta naye alichukuliwa, kama alivyoahidiwa, akaulizwa juu ya kibao, pazia na maandishi, akaachiwa kwa dhamana na mpaka leo anaripoti. Wakwe walimtolea vitu vyake barazani. Erica walimbakisha. Suala hilo lina ofisi yake na lina kikao chake kinachoahirishwa, na binti huja kwa mama yake shule zikifungwa, akiwa na begi dogo kuliko analotakiwa kuwa nalo. Mara ya kwanza hawakuzungumza kwa siku mbili. Ya tatu Erica akaomba kuiona picha. Alilitazama bega la baba yake mkubwa kwa muda mrefu, kisha akaenda kuosha vyombo.

Ndege wale wawili, watu wa maliasili waliwarudisha Nsanzya. Aliyekatwa manyoya anatembea na ng'ombe wa Mzee Ngusa akingoja yaote mengine. Mwenzake anaweza kuruka, lakini hajaondoka.

Sasa Nesta ana kibanda Vwawa, karibu na soko. Kina dirisha. Ukutani ametundika pazia jipya, dogo, alilolipia mwenyewe pole pole: korongo wawili ndani ya ukungu wa asubuhi, na nyuma yao hakuna kilima wala mvumo, ni weupe mtupu. Aliipiga picha hiyo hivyo kwa makusudi, na ilimchukua muda kuizoea. Juzi mwalimu mmoja aliyekuja kupiga ya paspoti aligeuka kwenye kigoda akalichunguza pazia lile kwa hamu, juu mpaka chini, kama anayetafuta kitu kilichosahauliwa.

"Mama, wazuri hawa," akasema. "Hapa ni wapi?"

Nesta aliinua kamera.

"Nyoosha shingo," akasema. "Masikio yaonekane."